Namba Isiyotikisika

Tabora mjini, Jumatatu 11 Machi 2024, mchana

Kwako mke mdogo Apolinaria,

Hujambo huko Dar? Kazi na mwili vinakwenda? Mimi mzima, nimezidi uzima mpaka manesi wananiibia jicho. Mgonjwa ni mke mwenzio Josepha. Ile nimonia iliyomtoa Usoke bado imemkalia kifuani, ila kalala vizuri.

Mashine ya kupima pumzi uliyoitengenezea programu ipo kitandani kwake. Nimeitangazia wodi kwamba akili hiyo umerithi kwangu, mimi niliyeikimbia shule darasa la pili. Asubuhi nesi alikichomoa kile cha kubana kidoleni akampimia mama wa kitanda cha pili, maana wodi nzima kipo hicho kimoja, kisha akamrudishia. Tangu hapo namba ni 96, haipandi haishuki. Babu yangu alibeba pembe toka Ujiji mpaka Bagamoyo, mzigo haukutikisika kichwani hata chui alipomlamba kisigino. Bibi yako kaolewa ukoo huo.

Mumeo mzee,
Babu Kornel


Dar, siku hiyo hiyo

Shikamoo babu. Sikuulizi hali.

Pumzi ya mtu haikai namba moja tangu asubuhi. Hiyo namba imekufa. Acha skrini, mwangalie bibi midomo. Mwite nesi sasa hivi. Nakupigia hupokei.

Mjukuu wako,
Apolinaria


Dar, jioni

Shikamoo babu. Umesoma, hujajibu. Naandika kwa sababu nikinyamaza naona mambo.

Ndani ya ile mashine kuna kiendeshi, kipande cha programu kinachoongea na kile cha kidoleni. Ukichomoa cha kidoleni, mfumo unakiondoa kiendeshi. Mimi niliandika kiondolewe upesi mno, wakati msomaji wa namba, kipande kingine cha programu, bado yumo ndani. Ni kama kubomoa bani la kukaushia tumbaku na mtu yuko juu anatundika majani. Msomaji akaganda, skrini ikabaki na namba ya mwisho, kengele haikulia. Ilitakiwa nifunge mlango asiingie mwingine, ningoje aliyemo atoke, ndipo nibomoe. Kwenye majaribio mbomoaji na msomaji hawakuwahi kugongana, nikasema hawatagongana.

Babu, niandikie hata tusi.

Apolinaria wako


Tabora, Jumanne 12 Machi

Marahaba mjukuu.

Midomo ilikuwa rangi ya zambarau. Nesi alikimbilia oksijeni pekupeku. Anapumua, ila hajafumbua macho.

Mimi nasimulia chui, mwenzangu anazama pembeni yangu.

Babu


Dar, Jumanne jioni

Shikamoo babu, pole sana.

Nimetengeneza. Sasa kiendeshi kinafunga mlango, kinangoja, ndipo kinaondoka. Namba isiposomwa, skrini inafutika na kengele inalia. Nimechomoa na kuchomeka mpaka vidole vimechubuka, haijaganda. Fundi ataiweka kesho. Mnaweza kuiamini. Nami nakuja na treni.

Mjukuu wako


Tabora, Jumatano 13 Machi

Kwako Apolinaria,

Hujambo, umekula? Fundi kaja. Namba sasa inacheza, tisini na moja, na mbili, na moja tena. Nesi ananiambia, mzee nenda kalale, mashine itatuita. Nikamwitikia, ila sijainuka.

Nimeweka kiganja kifuani kwa bibi yako. Kinapanda, kinashuka. Kila nikikiinua nakirudisha. Umesema tuiamini. Haya, njoo usimame hapa, uweke chako kwanza, ndipo nitoe changu.

Babu yako