Kikapu Ulichorudi Nacho Kitupu

Mpendwa wifi,

Umenikosea, na kufa kwako hakunizuii kusema. Mtu mzima unaumwa tangu palizi mpaka mavuno, tumbo linavimba, na hutumi hata neno moja huku Msasani, mwendo wa miguu tu kutoka kwako! Ulidhani mimi ni mganga wa kuoteshwa? Wanawake wa Lupepo wanapita mbele ya kibanda changu kila siku ya soko, nawe ukawaambia wanyamaze. Jeuri hiyo uliitoa wapi? Usiniambie kwangu.

Haya. Nimekugombeza, roho imetulia kidogo. Sasa nikwambie kwa nini nimeketi kuandika, mimi ambaye mwalimu wa kisomo cha watu wazima alisema herufi zangu zinatembea kama kuku walionyeshewa. Wewe ulikuwa benchi hilo hilo, unaniminya kiuno na kucheka. "Wifi, hicho umeandika au umepanda viazi?" Ulijua kusoma kabla yangu, na hukuniacha nisahau.

Jumamosi tunaweka msalaba kwenye kaburi lako. Nimetaka barua hii isomwe hapo, na binti yako Subilaga, kwa sauti, watu wote wakiwa wameketi. Kosa langu kwako nililifanya mbele ya watu. Siwezi kuja kuliungama chumbani mlango umefungwa.

Unakikumbuka kikapu. Mama yako alikileta kutoka Kyela, cha ukindu, kipana, mtoto wa miaka miwili anaweza kulala ndani. Kaka yako alikuwa ndiyo kwanza amenioa. Mama akakijaza ndizi, akanitwisha, akasema nikupelekee wewe Lupepo kwa mumeo. Nilipofika kwako, mama akiwa amenifuata nyuma na fimbo yake, akatusimamisha wote wawili. "Chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Siku mtakayokirudisha kitupu, mmemalizana." Tukaitikia asante ya kwetu, "Ndaga, mama." Wewe ulikuwa unajizuia kucheka kwa sababu nilikuwa nimevaa kanga ndani nje.

Kikapu kikaanza kazi. Kikija kwangu na magimbi, kinakaa jikoni kwangu, kinanitazama. Nikipika kinanitazama. Nikifagia lazima nikisogeze. Mpaka nakosa raha, natafuta cha kutia, napanda nacho Lupepo kwenye utelezi ule. Miaka ile ya foleni, sabuni ikitafutwa kama dawa, nilikuletea kipande cha mche kidogo kama kidole gumba, nimekiweka katikati ya kikapu chote kile. Ulichungulia ukasema, "Wifi, humu kuna mtu?" Tulicheka hadi mumeo akatoka nje kuuliza nani amefiwa.

Na yule paka! Nilifunua majani ya mgomba nikijua nakuta maharage, kikanirukia kitoto cha paka usoni. Wiki ile ile ulikuwa umesema panya wa kwangu wanaishi kama mabwana shamba, wana nyumba na mshahara, basi umeniletea polisi. Paka huyo alizalia nusu ya nyumba za mtaa wetu.

Mkono mmoja wa kikapu ulikatika, ukaushona wewe kwa kamba ya mgomba, vizuri, kama umeusuka upya. Wa pili ulikatika kwangu. Niliufunga kwa kitambaa cha gauni kuukuu, fundo kubwa kama jipu. Ulilionea aibu fundo lile lakini hukulifungua.

Kaka yako alipofariki nilidhani basi, udugu wetu umezikwa naye. Siku ya nane ukatokea mlangoni na kikapu kichwani, hukusema pole, umeshachoka kusema pole. Ulisema tu, "Kimejaa. Toa vitu, nataka kukaa."

Halafu zikaja zama za ruksa. Vitu vikajaa madukani, sabuni za kila rangi, nguo za mitumba, biskuti, na ile mifuko ya nailoni ambayo watu waliiita rambo. Mwanzoni nilikuwa naufua mfuko mmoja na kuuanika kwenye kamba kama nguo ya ndani, nikiogopa wezi. Nilikwenda nao kanisani, nimetia Biblia na kitabu cha nyimbo, nanyanyua mkono juu ili uonekane. Nilipofungua kibanda pale Msasani, nikawa nafungia watu kila kitu ndani ya nailoni, nyanya mbili nailoni, ndimu moja nailoni. Nilijiona mtu wa mjini kweli kweli.

Sasa nasema lile lililoniketisha hapa.

Ilikuwa siku ya soko, mvua imenyesha tangu asubuhi. Ulikuja umelowa mpaka magotini, miguu ina tope jekundu, kikapu kichwani kimejaa maharage mapya na maparachichi. Pale kibandani walikuwepo wanawake wawili wa Ibighi, wateja wangu, wamevaa viatu vya kisigino. Mmoja akaziba pua. "Shoga, kumbe una ndugu wa shamba! Mwambie likapu lake linanuka moshi."

Nilicheka, wifi. Mungu ananiona, nilicheka.

Nikamimina maharage kwenye debe. Nikakigeuza kikapu chini juu nikakikung'uta mbele yao, vumbi likaruka, nikakurudishia hapo hapo. Sukari na sabuni nikatia kwenye rambo mbili nikakushikisha. Nikasema kwa sauti ili nao wasikie, "Likapu hilo kaa nalo. Siku hizi hakuna kurudishiana vyombo. Ukishatoa vitu, mfuko unatupa."

Uliitazama ile mifuko. Ukauliza taratibu, "Natupa wapi?"

Nikajibu, "Popote."

Hukugomba. Laiti ungegomba! Ulijitwisha kikapu kitupu ukaondoka, rambo moja kila mkono, ukapita katikati ya soko zima. Wale wanawake wakaendelea kuchagua nyanya. Mimi nilikumbuka maneno ya mama yako ulipokuwa umeshafika barabarani, na kiburi kikanikalisha. Nilijiambia nitakuita siku nyingine.

Tangu siku hiyo nikawa nakutumia vitu kwa mtu yeyote anayepanda Lupepo, chumvi, dagaa, majani ya chai, ndani ya nailoni. Nawe ukawa unatuma ndizi zimefungwa kwa majani ya mgomba, kwa mkono wa wapita njia vile vile. Sikuwa na chombo chako, wala wewe hukuwa na changu cha maana. Jikoni kwangu hakuna kitu kinachonitazama. Nilijihesabu mtu mwema, nakutumia vitu. Misimu ikapita sijakanyaga kwako. Kikapu kingekuwa kwangu ningekuja, wifi. Ningekuja hata kwa kulalamika, ningekuona ulivyokonda, ningekubeba mgongoni hadi hospitali na ungenitukana njia nzima.

Nilikuja msibani. Hapo ndipo nilipojua mwenyewe nimeufuata mlango wako nikiwa mgeni, mtoto wako mdogo kabisa ananiuliza mimi ni nani. Wanawake walileta unga na mchele ndani ya rambo, na tulipomaliza kuzika, upepo ukaichukua ikaning'inia kwenye migomba yako kama matambara. Nilikuwa nazunguka naiokota, watu wakadhani ni huzuni imenipanda kichwani.

Siku ya kuondoka Subilaga akapanda uchagani, juu ya moto, akashusha kikapu. Kimekuwa cheusi kwa moshi. Fundo langu bado lipo. Ndani yake umepanga mifuko niliyokutumia, yote kumi na mmoja, imefuliwa, imekunjwa kama vitambaa vya meza ya Bwana. Subilaga akasema, "Mama alikataza isiguswe. Alisema ni vyombo vya mama wa Msasani, atavirudisha akipona."

Nikashuka nacho Msasani, nikaifungua mifuko mmoja mmoja. Saba ilikuwa na maharage, konzi moja moja, umeyafungia kwenye pembe. Mitatu ilikuwa na punje chache. Wa mwisho mtupu. Naujua ule, niliutuma na dagaa mwezi ule wa kufa kwako. Hukuwa tena na nguvu ya kufika shambani.

Mimi nilikurudishia kitupu mbele ya soko. Wewe ukashindwa kunirudishia takataka ikiwa tupu.

Popote nimepaona sasa. Popote ni mtaro nyuma ya kibanda changu, umeziba hadi maji ya mvua yanaingia kwa jirani. Ni mashina ya migomba yangu, nikichimba shimo jembe linatoka na nailoni. Mingine naitambua, imetoka mkononi mwangu.

Kibandani sitoi tena nailoni. Ndimu nafungia jani, nyanya unatia kwenye kikapu chako au unabeba kwenye kanga. Juzi mmoja wa wale wa Ibighi ameniambia, "Bibi, umerudia ushamba." Nikamwambia ndiyo, nimerudia, na nimechelewa, nenda kalete kikapu chako. Hajarudi. Asirudi. Mifuko yako ile sijaitupa na sitaitupa, naifua, naihifadhia mbegu. Maharage yako wadudu walikuwa wameyatoboa mengi, nimepanda yaliyobaki. Machache yameota.

Samahani, wifi. Neno hili sijawahi kukwambia tangu niolewe, ulikuwa unasema nitakufa nalo kooni. Umetangulia wewe. Ndaga fijo, asante sana, kwa magimbi, kwa paka, kwa kuja siku ya nane bila maneno. Kaka yako ukimwona usimsimulie habari ya sokoni. Nitamsimulia mwenyewe.

Ni mimi wifi yako wa Msasani, mwenye mdomo.

Subilaga mwanangu, na mama yako nimemaliza, lakini usikunje karatasi bado. Kikapu kiko hapo mbele yako, kimejaa, nimekipandisha mwenyewe kwa miguu yangu. Toa vitu ndani, polepole, usikikung'ute mbele ya watu. Kitundike juu ya moto mahali pake. Siku ya soko uje nacho wewe, usimpe mpita njia. Kama huna kitu kabisa, tia jani la mgomba. Kitupu sikipokei.