Jioni Mzee Salumu Alipokuja Kumuulizia Mwanawe

Jumapili, Sumbawanga. Ukungu haujaondoka tangu misa ya asubuhi, na upepo wa kipupwe unapenya chini ya mlango.

Jana tulimzika mdogo wangu Sesilia. Dresa wa zahanati alisema ni kichomi. Mama anasema ni Rashidi.

Rashidi alikuwa mtoto wa Mzee Salumu, mwenye duka la nguo hapa mjini. Walijuana mavuno haya haya ya ulezi, Sesilia alipokwenda kununua kaniki. Sisi Wakatoliki, wao Waislamu. Baba na Mzee Salumu, kila mmoja kwake, wakaapa kwamba ndoa haiwezekani. Kijana akapelekwa Kipili, kando ya ziwa, akae kwa mjomba wake mpaka asahau. Mtumbwi aliopanda huko ukazama. Mwili haukuonekana.

Mimi niliona ni utoto. Sura nzuri, maneno matamu ya dukani, basi. Nikamwambia Mama, "Atalia mpaka msimu wa kupanda, kisha yatakwisha."

Hakulia.

Hilo ndilo lililonitisha. Kila jua lilipoinama alikwenda kusimama kwenye njia ya Kipili, katika upepo ule, akisema polepole kama mtu anayejibu maswali. Siku moja nilimfuata nimrudishe. Nikamshika mkono.

"Dada, sogea kidogo," aliniambia kwa upole. "Umesimama alipo."

Nikasogea. Mpaka sasa sijui kwa nini nilisogea.

Kikohozi kilimwanza wiki ile, na hakikumwacha tena.

Leo jioni Mzee Salumu amekuja. Hakuwahi kukanyaga kwetu. Nilidhani Baba atamfukuza, lakini alimsogezea kigoda. Nikapiga goti nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mdogo wako mlimzika wakati gani?"

"Alasiri, Mzee."

Kisha akatueleza, macho chini, kwamba tangu habari za Kipili, kila magharibi akifunga duka alimwona mwanawe ng'ambo ya barabara, maji yakimchuruzika, hasemi neno. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

"Jana hakuja," alisema. "Nimekuja kuuliza kama yuko hapa."

Baba akalia. Sijapata kumwona Baba akilia.

Nami nimeposwa na seremala wa Msanzi, mtu mwema. Nikimkumbuka, moyo hutulia. Mpaka jana niliamini hayo ndiyo mapenzi, na yale ya Sesilia ni kupumbazika tu. Lakini kupumbazika gani huko kunakosimama barabarani kumsubiri mwenzake, kisha kukaondoka naye?

Kesho mchumba wangu anakuja kuonana na Baba. Nitamwita kando, nimuulize: nikitangulia kufa mimi, utanifuata?

Naogopa atasema ndiyo.