Trela Iliyomgeuza Susu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeua watu wengi kabla ya chai ya saa nne. Nakata trela, tangazo fupi la filamu ya majambazi wa barabarani, kazi ya jamaa mmoja wa Kambu. Panga linapanda, skrini inakuwa nyeusi, sauti ya tikiti maji likipasuka. Mtu chini. Risasi. Mwingine chini. Damu yenyewe ni maji ya bitiruti na unga. Gari linalipuka mara tatu, ingawa kwenye filamu lililipuka mara moja tu, na kwa mbali.

Jamaa alifurahi mpaka akaninunulia maandazi. Hajui kwamba nimemtengenezea filamu nzuri kuliko yake.

Watu hawaji kuona hadithi. Wanakuja kuona kitu wanachokijua. Wa mapigano mpe panga, gari na mwanamke anayepiga kelele. Wa mapenzi mpe mvua, hata kama Makindu haijanyesha, na mama mkwe mwenye kiburi. Wa kutisha mpe mlango, mtoto, mwanamke mzee. Mtu akishajua ni kibanda gani, anaingia mwenyewe.

Kesho naanza ya Kyalo, mwongozaji ninayefanya naye kazi. Ile aliyomrekodi Susu yangu kule Tseikuru. Hiyo haina wa kuua.

Jumatano, 6 Agosti

Susu ni mama wa mama yangu. Kalekye ndilo jina lake lakini hakuna anayelitumia. Kwenye filamu anaigiza bibi anayelea mjukuu wakati wa kiangazi. Kuigiza ni neno tu. Alifanya mambo yake, Kyalo akamfuata na kamera. Alimgombeza Kyalo siku nzima kwa kuacha lango wazi.

Nimekata trela jinsi filamu ilivyo. Susu anakamua. Susu anacheka. Mjukuu anakimbiza mwana-mbuzi. Vumbi. Niliipenda.

Kyalo hakuipenda. "Mwende, hii ni tangazo ya NGO. Nani ataacha mpira akuje kuona mama na mbuzi? Weka kitu ya kushtua. Hiyo siku ya kuchinja si kuna damu?"

Ameshachukua ukumbi hapa Makindu, tarehe kumi na tatu mwezi ujao. Filamu imemkondesha miaka miwili. Nilimjibu vibaya nikatoka. Halafu nikarudi nikafungua picha za siku ya kuchinja, kuangalia tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Imeisha, trela mpya ya Susu. Ni kazi bora niliyowahi kufanya, acha nijisifu kwa kuwa hakuna atakayenisifu.

Susu ananawa baada ya kuchinja mbuzi wa mgeni. Mbuzi nimemtoa. Imebaki mikono, damu, beseni. Kisha Mutinda, mtoto anayeigiza mjukuu, anapiga ukemi. Kwenye filamu anatolewa mwiba mguuni. Mwiba nimeutoa. Susu anacheka, nimempunguza kasi na kumnyang'anya sauti. Chini kabisa mngurumo wa kuumiza tumbo. Mwisho Susu mlangoni anaangalia kamera moja kwa moja. Siku hiyo alikuwa anauliza kama betri imekwisha.

Nimetikisa picha kidogo, nikaweka nukta nyekundu kwenye kona, ionekane kuna mtu alijificha akarekodi kwa simu. Maneno aliyataka Kyalo: KISA CHA KWELI. TSEIKURU. Nilimwambia si kweli. Akasema mbuzi ni wa kweli, kiangazi ni cha kweli, Susu ni wa kweli. Nikaandika. Jina la filamu linakuja mwisho kabisa, baada ya giza. Ndiyo desturi. Unawatisha kwanza, unajitambulisha baadaye.

Nilimwonyesha Katunge anayeuza kredo za simu hapo nje. Alijifunika uso kwa leso. Akataka kuona tena.

Nimempigia Susu kumwambia ataonekana na watu wengi. Ameuliza kama kile kitambaa chake cha bluu kimetoka vizuri.

Jumatano, 13 Agosti

Trela iko kila mahali. Kyalo hashikiki.

Leo kinyozi alinionyesha trela yangu mwenyewe, hajui ni yangu. Alikuwa ameipata kwenye simu, kwa status ya mtu, aliyeitoa kwa status ya mtu mwingine. Status imeikata. Inaishia Susu akiwa mlangoni. Giza halipo, jina la filamu halipo. Nilimwambia hiyo ni filamu.

"Movie gani na ni simu ya mtu? Hujaona hiyo kitu nyekundu hapo? Huyu mama anakula watoto wa wenyewe."

Nilicheka. Nilitembea mpaka nyumbani kichwa juu. Kinyozi, mtu mzima, ameamini.

Ijumaa, 15 Agosti

Sicheki tena.

Mama Nduku, jirani wa Susu, amepiga simu. Watu hawaji kuchukua maziwa. Watoto wakimwona Susu wanatupa kuni na kukimbia. Ndama wa mtu amekufa na jina lililotajwa ni lake. Jumapili iliyopita kanisani alikaa benchi zima peke yake. Benchi ambalo amekalia tangu kanisa likiwa la matope.

Nimemwambia Kyalo tuitoe. "Ngoja kidogo, imeshika." Nimeitoa mwenyewe kwenye ukurasa wetu. Kwenye simu za watu naitoa vipi? Nimeweka maelezo: hii ni filamu, huyu ni nyanya yangu, damu ni ya mbuzi. Hakuna aliyeyasambaza. Mmoja ameandika chini yake kwamba wachawi nao wana wajukuu.

Nimemwomba Susu aje Makindu. Amekataa kwa hasira. Haachi mbuzi wake kwa sababu ya ujinga wa watoto wa watu. Kesho nina harusi ya kurekodi, nimeshaahidi. Jumapili alfajiri naenda kumchukua hata kwa nguvu.

Jumapili, 17 Agosti

Wamemvamia mchana huu. Nilikuwa bado njiani, Kyuso, natafuta pikipiki. Mama Nduku alipiga simu akilia. Nyumba inawaka.

Sijui kama yuko hai.

Jumanne, 19 Agosti

Yuko hai.

Naandika yote leo, maana kesho nitaanza kuyapunguza makali.

Walikuja watu wakitoka kanisani, bado na nguo za Jumapili. Vijana wengi, wazee wachache nyuma. Wawili kati yao Susu amewapa maziwa tangu wakiwa wadogo na aliwaita kwa majina. Walimwita muoi, ndiye mchawi kwa Kikamba. Walimuuliza amezika watoto wapi. Alidhani wanamtania, akawaambia wakatafute chini ya sufuria. Jiwe la kwanza lilimpiga mdomoni.

La pili lilimwangusha. Alipigwa mateke akiwa chini. Mbavu tatu zimevunjika. Mmoja alikuwa na panga. Susu aliinua mkono wa kushoto kujikinga. Panga lilishuka mara mbili, mara ya pili likafika kwenye mfupa na kupita. Wakawasha nyumba. Moto ulishika zizi. Mama Nduku anasema mbuzi walilia muda mrefu. Yeye na mumewe walimvuta Susu kwa miguu hadi korongoni, mume akasimama juu ya korongo na upinde wake, akisema atakayekaribia anampiga mshale wa tumbo. Ndipo wakatawanyika.

Daktari ameukata mkono chini ya kiwiko. Haukuwa wa kuokolewa.

Nimeusafisha mdomo wake kwa pamba. Kuna meno yametoka na mizizi. Mimi ni yule wa kuweka skrini nyeusi panga likipanda. Hapa hakuna nyeusi. Kuna nyama, kuna uzi, kuna usaha utakaokuja, na nzi wa kufukuza.

Kijana mmoja alirekodi. Nimeletewa kwa simu. Picha inatikisika vilevile nilivyoitikisa ile yangu kwa kompyuta.

Nataka kuua. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo. Kwanza yule wa panga. Halafu Kyalo. Baada ya hao nimebaki mimi.

Alhamisi, 21 Agosti

Kyalo alikuja hospitalini. Alilia mbele ya Susu, na alilia kweli, si machozi ya kuazima. Susu alimpapasa kichwa kwa mkono uliobaki. Hilo liliniudhi zaidi.

Nje kwenye korido akaniambia simu hazinyamazi. Watu wanauliza filamu ya yule mama inaonyeshwa lini. Kwamba labda tungeandika kwenye tangazo kuwa ni yeye yule wa kwenye habari. "Si kwa ubaya, Mwende. Watu wajue ukweli."

Nilikuwa nimeshika chupa ya uji. Nilimpiga nayo usoni. Pua ilipasuka, uji ukamwagikia shingo, akapiga kelele kama mtoto. Nikampiga tena. Nesi na askari wa getini walinitoa nje nikiwa bado nimeshika mkono wa chupa. Sijutii. Mkono unaniuma na bado sijutii.

Polisi wameshika watatu. Yule wa panga ni fundi baiskeli, ana mke na mtoto mchanga. Mama Nduku alimsikia akitoa taarifa. Hakukana. Alisema hakusikia uvumi wa mtu, aliona kwa macho yake, mama mzee ananawa damu na mtoto analia.

Ni kweli aliona. Mimi ndiye nilimwonyesha.

Jumamosi, 13 Septemba

Filamu imeonyeshwa. Nilimkatalia Kyalo, Susu akaniamrisha nimwache. Alisema yeye mwenyewe ameifanya kazi hiyo juani na lazima ionekane. Yeye hakwenda, hawezi kukaa kwenye kiti kigumu. Mimi nilikwenda nikasimama nyuma.

Ukumbi ulijaa mchana wa leo, mpaka madirishani. Madereva wa malori, vijana wa pikipiki, akina mama na watoto mgongoni. Kyalo ana kovu puani. Hatukusalimiana.

Susu alipotokea walipiga miluzi. Akakamua. Akachota maji. Akamgombeza mtu asiyeonekana kwa kuacha lango wazi. Watu walingoja. Ilipofika siku ya kuchinja, ukumbi wote ulinyamaza, wakasogea mbele kwenye viti. Mbuzi akachinjwa. Susu akanawa. Mgeni akala. Basi. Kisha Mutinda akapiga ukemi, na Susu akamshika mguu, akatoa mwiba kwa sindano, akapuliza kidonda, akamwambia atakufa kwa vingine lakini si kwa hiki.

Mwanamke mmoja mbele yangu alicheka vizuri. Wengine walianza kuulizana. Sauti ikatoka katikati: "Mchawi ako wapi? Si mlituambia kuna mchawi?"

Mwingine akadai arudishiwe kiingilio. Chupa ikaruka. Mzee aliyesema acheni tuone alipigwa ngumi ya sikio. Mwanawe akamrudia aliyepiga, kwa kiti. Viti vikaanza kwenda hewani. Mtu alikanyagwa mlangoni, nilimwona akitambaa, vidole vikitoka damu. Projekta ilianguka ikiwa bado inawaka, Susu akabaki ukutani kwa upande, anakamua, mpaka mtu akakanyaga waya.

Walipigana kwa sababu hapakuwa na mchawi. Nimetoka na shati lililochanika.

Jumatano, 24 Septemba

Susu anakaa kwangu. Kidonda kimefunga. Anajifunza kufunga leso kwa mkono mmoja na meno yaliyobaki, hataki kusaidiwa. Asubuhi anakaa mlangoni na kusalimia wanaopita. Hapa hawamjui. Mbuzi hawataji.

Leo baada ya chakula cha mchana ameniambia nimwonyeshe. Nilijifanya sielewi. Akasema, ile iliyonichomea nyumba.

Nilikuwa nayo kwenye kompyuta. Sijaweza kuifuta, sijui kwa nini. Nilimwekea kiti, nikaongeza sauti kwa sababu sikio moja halisikii vizuri tangu siku ile. Nilisimama nyuma yake. Mngurumo. Beseni. Mtoto. Kicheko. Mlango. Giza. Jina la filamu.

Akaniambia nirudie. Mara ya pili, alipofika mlangoni yule mwanamke, nilimwona Susu akirudi nyuma kwenye kiti, na mkono wake ukanishika sketi.

"Mwende," akasema, "huyu mama, kama ningekuwa nje na wale vijana, hata mimi ningeokota jiwe."

Alisema polepole, bila hasira. Nikazima kompyuta. Aliomba maji, nikampa, akanywa yote. Sasa amelala. Nimeosha vyombo na kuanika nguo zake.