Kimrija Nilichokipaka Mate

Mshauri wangu mpendwa, nishike mkono, ninazama. Mimi si mtu wa mchezo, nimetembea nchi tatu, nimeendesha trekta kwenye shamba la ng'ombe mia nne, shule niliachia darasa la sita lakini dunia imenisomesha hadi ikachoka, basi mama mkwe aliponiambia chuchu moja ya ng'ombe wake imeziba nikamjibu, "Mama, kaa pembeni, mwanaume yupo," nikachomoa kimrija changu cha chuma, hukaa mfuko wa shati pamoja na kijiti cha meno, nikakifuta kwenye suruali, nikakipaka mate kiteleze, nikakisukuma ndani ya chuchu, maziwa yakatiririka, mama akapiga vigelegele na kuniita Daktari.

Siku ya tatu kiwele kikavimba upande ule, kina moto, maziwa mabonge-mabonge, na ng'ombe akiguswa anarusha teke. Ningelaumiwa mimi, ningebishana. Lakini mama anaitazama mikono yake, anasema, "Mwanangu, vidole vimezeeka, nimemuumiza. Kesho namuuza, sikamui tena." Miaka thelathini anakamua, mshauri! Tena ananiomba nikitie kimrija mara ya pili, uvimbe upungue kabla mnunuzi hajaja. Nikisema ukweli, heshima yangu itabaki wapi? Wako,

Daktari wa Bandia

Daktari wa Bandia, pole, na pole zaidi kwa ng'ombe. Ulitaka kusaidia, nakuamini. Lakini mate, ndugu yangu? Mate! Ncha ya chuchu ina mlango unaojifunga wenyewe kuzuia uchafu. Wewe umeusukuma na kuukaribisha uchafu hadi sebuleni. Hata kimrija kisafi huweza kukwaruza kule ndani, ndiyo maana hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Dalili hizo ni za ugonjwa wa kiwele, na mkichelewa, upande huo unaweza kukauka kabisa.

Usikitie tena. Mwite daktari wa mifugo leo, umweleze yote, na mate usiyafiche. Maziwa hayo asinywe mtu wala ndama mpaka daktari aseme. Kimrija kitupe.

Heshima unayoililia ni ya siku tatu. Ya mama mkwe ni ya miaka thelathini, na umemwacha aivue kwa kosa lako. Kaa mbele yake kabla mnunuzi hajafika, useme, "Mama, si vidole vyako. Ni mimi." Atakufokea, inamisha kichwa. Akimaliza, mshikie ng'ombe mkia, yeye akamue.