Chupa Ndani ya Kasha Lako

Somo yangu, Bi Mize,

Jibu la mtoto nimepewa leo, na sina wa kumwambia ila wewe. Nimelikunja, nimelitia kifuani, nikatembea mpaka nyumbani Pujini, na kila niliyekutana naye nimemwamkia kama siku nyingine yoyote.

Kwanza nikwambie nililolifanya, maana ungekuwapo ungenitia kofi.

Wewe uliyenifunda nilipovunja ungo, ndiye niliyekukimbilia nilipoambiwa na nesi, mimba miezi minne, kwamba nina virusi. Ukasema mtoto nisimnyonyeshe hata tone, tuwaambie watu maziwa yamekauka kwa kijicho. Wiki iliyofuata ukavaa buibui ukaja kliniki kumhoji nesi. Akasema nikimeza dawa kila siku, na mtoto akipewa zake akizaliwa, anyonye, ila asipewe kitu kingine miezi sita. "Hata maji?" Hata maji. Ulinuna njia nzima. Tulipofika ukasema, "Basi mkweo akija na asali yake, n'takaa mlangoni miye."

Dawa ukaniwekea kwenye kasha lako la udi, maana kwa mama mkwe hata sindano haifichiki. Kila magharibi nikija kwako kuomba chumvi. Chumvi gani hiyo ya kila siku! "Meza nkuone," ukisema, na kunikazia macho mpaka nifunue mdomo.

Kisha presha ikakuchukua asubuhi moja. Ufunguo wa kasha akaufunga mwanao Maryamu kwenye pindo la kanga yake, lisifunguliwe mpaka hitima isomwe. Nilikaa matangani hatua tatu tu na dawa zangu. Wanawake walidhani nakulilia wewe. Nilikuwa nakulilia, Somo, lakini machozi mengine yalikuwa ya lile kasha. Siku ya pili nikakaza roho, nikaenda kwa nesi, akanipa nyingine.

Hitima ikasomwa, kasha likafunguliwa, chupa ikaonekana. Jina langu nilikuwa nimelibandua mwenyewe kwa woga. Shangazi mmoja akazijua zile dawa ni za nini. Hawakusema kwa sauti. Lakini kanga zako zilipotolewa sadaka, kama ilivyo ada, hakuna aliyenyoosha mkono. Nyingine hata hazijakatwa doti! Maryamu akazipanga na kuzipangua pale mkekani, macho chini. Nilichukua moja. Ningesema neno moja tu, na sikulisema. Nilijiambia nangoja mtoto azaliwe salama, nisije kufukuzwa na tumbo langu. Kweli yake, niliogopa.

Amezaliwa msichana, na pua ile ile ya baba yake. Mama mkwe akaja na asali na kijiko, na mlangoni hapakuwa na mtu. Nikamkatalia mwenyewe. Alininunia arubaini nzima. Maji ya moto ya uzazi nilijikanda kwa mikono yangu, na mgongoni haikufika.

Na leo, Somo, mtoto hana. Hana! Nesi kasema atapimwa tena na tena mpaka apitishe kuacha ziwa, lakini leo hana. Nilitaka kupiga kigelegele pale pale barabarani, nikakumbuka nitaulizwa cha nini.

Basi udhuru wangu umekwisha. Kesho baada ya alasiri nitamfunika mtoto ile kanga yako, niende kwa Maryamu, nimwambie chupa ni yangu, na kwamba mama yake amekufa akinisitiri. Mume wangu yuko bara dukani. Akija, naye nitamwambia, bila wewe kukaa ubavuni kwangu kama ulivyoniahidi. Huenda nikarudi nyumbani sina hata mtu mmoja wa kuniamkia. Sasa hivi pia sina, ila hawajajua tu. Lakini kanga zako zitavaliwa, Bi Mize. Hilo nakuahidi.

Mola akupanulie kaburi, akulaze pema. Magharibi imeadhiniwa. Nimemeza dawa, nikafunua mdomo kwa mazoea, na hakuna aliyeangalia.

Mwari wako,
Zuhura