Maji Haya ni ya Miche

Kwa Vonza,
Kitui.
9 Oktoba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Nzau,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa, na kazi yako ya kupanda miti kando ya barabara za Nairobi inaendelea. Sisi bado tunapumua. Mama yetu anaamka, anakunywa uji, anaomba, analala tena. Hilo ndilo jema nililo nalo la kukuandikia, kwa hiyo nimelitanguliza.

Simu yako haipatikani tangu mwezi jana. Nimeijaribu mpaka jirani yetu Kalunde akaniambia niache, labda imeibwa. Ndiyo maana nampa Mutie barua hii. Anapeleka magunia ya ndengu kuuza huko, na amesema anajua mahali mnapolala nyinyi vijana wa kampuni. Ndugu yangu, kama umesimama, keti kwanza.

Kaveke hayupo. Mke wa marehemu kaka yetu Ndolo, yule aliyekuwa akikufulia sare za shule, tumemzika wiki mbili zilizopita kando ya mumewe. Tulikungoja. Pasta alirefusha maombi huku akitazama barabarani, halafu ikabidi tuendelee.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana sitaki uisikie kwa watu.

Ulipokuja mwezi wa Aprili ulisimama kanisani baada ya ibada ukatuambia kuwa jiji linataka kuwa la kijani. Ulisema litapanda miti mpaka moshi wote wa magari na viwanda umezwe na majani, na kampuni yenu inatafuta akina mama wa kuotesha miche. Kaveke ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alicheka akasema, "Kumbe Nairobi inaweza kutuomba kitu, badala ya kuja kuchukua tu!" Siku hiyo hiyo tukamchagua awe mwenyekiti wetu. Tukajaza udongo kwenye mifuko, tukaotesha migunga na mikwaju. Kufikia Juni, kitalu chetu kilikuwa kitu pekee chenye rangi ya kijani upande huu wa soko. Watu walikuwa wakipita hapo kukitazama tu.

Kampuni ilisema itaichukua miche Julai. Julai ikasema Agosti. Agosti ikatuma ujumbe kuwa jiji linangoja mvua za Novemba ndipo lipande, kwa hiyo tuendelee kumwagilia. Sikulaumu wewe. Najua wewe ni wa kushika jembe, si wa kuamua.

Lakini mwezi huo huo pampu ya kisima cha soko iliharibika, na mpaka leo haijatengenezwa. Tukabaki na mto. Nao mto wetu unaujua. Mchanga wake ulibebwa na malori ukajenge maghorofa huko kwenu, tukaachiwa mawe na udongo. Tulipokuwa watoto ulikuwa unafukua kwa mikono, maji yanachomoza. Sasa ni kushuka kwenye shimo refu kuliko mtu, ukichota kwa kikombe, na mwenzako akivuta ndoo kwa kamba.

Nilimwambia Kaveke tuiache miche, haya maji kidogo tuwape watu na mbuzi. Akakataa. "Muthoki, tukiiacha watasema wanawake wa huku hawana bidii, hawatarudi tena," akaniambia. "Na Kavindu wangu ataingia sekondari na nini?"

Asubuhi ile alishuka yeye. Mimi nilikuwa juu na kamba. Alikuwa ananisimulia habari ya harusi ya binamu yake kule Tawa, kwamba mama wa bwana harusi amekataa kuvaa kitambaa walichonunuliwa wote. Nilikuwa nacheka. Halafu ukuta wa shimo ukaporomoka.

Nzau, nilichimba kwa kucha. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wanawake wakaja na makarai, wanaume na majembe, tukawa tunapokezana. Tulipomfikia alikuwa amefunika uso kwa viganja vyake viwili, kama mtu anayejikinga na jua. Alikuwa ameshaenda. Kavindu alifika na yunifomu yake wakati tunamtoa, hakuna aliyewahi kumzuia asione.

Baada ya mazishi kijana mmoja wa kampuni alikuja na pikipiki. Alitupa pole, na naamini alikuwa anaisema kwa moyo. Akapiga picha za miche. Akasema wakubwa wameguswa, watatuma lori la maji.

Na kweli likaja. Hatukuwa tumeona maji mengi hivyo tangu Mei. Tulikimbia na mitungi, na beseni, na sufuria, hata wazee walitoka. Lakini dereva alishuka akasimama mbele ya bomba.

"Akina mama, samahani. Maji haya ni ya miche. Ndivyo nilivyoagizwa."

Unamjua Kalunde, mtu ambaye hata kwenye mkutano wa kanisa hapazi sauti. Aliweka mtungi wake chini ya bomba, akaketi chini kwenye vumbi kando yake.

"Mwanangu," akamwambia, "yule aliyekuwa akiimwagilia miche hiyo, tumemzika pale. Fungua."

Dereva alitazama alikoonyeshwa. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mwekundu. Alivua kofia, akafungua bomba, na yeye mwenyewe akamshikia Kalunde mtungi mpaka ukajaa. Tuliteka mpaka tangi likalia tupu. Hata tone moja halikufika kwenye kitalu. Jioni hiyo watoto walioga, na mama yetu aliomba chai mara ya pili.

Sasa sikia yaliyofuata. Kampuni imetuma ujumbe kuwa tumechukua maji ya mradi wa jiji, kwa hiyo lori halitarudi, na miche watatafuta kwingine. Yule dereva nasikia amefutwa kazi. Wenzangu wamegawanyika. Wengine wananiambia tungeigawia miche hata nusu, tusingepoteza kazi ya miezi yote hii. Wengine wananiambia mtu hagawani maji na mti wa Nairobi huku mtoto wake amekauka midomo. Mimi sijui. Naamka nikifikiri hivi, nalala nikifikiri vile. Mikwaju imedondosha majani yote. Maji yale nayo yamekwisha, na hapa kwetu wingu hakuna.

Jumatatu nilimkosa Kavindu nyumbani. Mwili wangu ulijua aliko kabla ya akili. Nilimkuta mtoni, amechimba shimo jipya kando ya lile lililomla mama yake, ameshazama mpaka mabegani, kamba ameifunga kwenye mzizi. Nilimtoa kwa nguvu nikamzaba kofi, kisha nikamkumbatia, tukalia wote wawili hapo mtoni. Akaniambia, "Shangazi, lakini nyanya ana kiu." Na ni kweli.

Tangu siku hiyo nashuka mimi. Wanaume wengi wamehama na mifugo kufuata majani, na kila mwanamke anahangaika na shimo lake. Kwa hiyo anayeshika kamba juu ni Kavindu.

Nzau, sikuombi pesa. Nenda kwa huyo mkubwa wenu, usimame mbele yake hata akikufukuza, umtajie jina la Kaveke. Mwambie watutengenezee pampu moja tu, na miche ile iliyobaki na mizizi hai itapona, na watu watapona, pasiwe na haja ya kuchagua. Hewa safi tunaitaka sisi pia. Najua unaogopa kupoteza kazi. Hata mimi naogopa, kila asubuhi.

Asipokusikia, basi acha kila kitu uje. Usingoje sikukuu. Mtoto ana miaka kumi na mitatu, na mikono yake ni myembamba. Nikifunikwa mimi, hataweza kunivuta, na najua hatakimbia kuita watu. Atashuka.

Mama yetu anakusalimu na anauliza kama unakula. Hajui naandika haya. Kalunde anakusalimu, na Pasta pia. Kavindu amesema nikwambie, "Baba mdogo, nakungoja." Mfikishie salamu Kisilu na wenzako wote mnaolala pamoja.

Mungu wa baba zetu akutangulie njiani, na akufikishe ungali unahitajika.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, nikupendaye na kukutegemea,

Muthoki