Ooko Ameongezea Virusi Yangu Herufi

Shangazi Bilhah, niokoe kabla sijavunja uchumba kwa sababu ya virusi, maana nasoma biolojia chuo kimoja hapa Kericho, na hiyo virusi, ile aina ya kushambulia bakteria, niliitoa mwenyewe kwa udongo wa shamba la chai la baba huko Roret, sasa mimi na mchumba wangu Ooko tumepewa kazi ya kuonyesha kila jeni yake inaanzia wapi na kuishia wapi, tukafika mahali jeni mbili za mkia zimepandana na herufi zake za DNA hazisomwi kwa mpangilio mmoja, na Ooko, bila kuniuliza, akachomeka herufi moja katikati, zikawa jeni moja safi.

"Umeongeza herufi?"

"Nimerekebisha tu, babe. Mashine ya kusoma DNA iliiruka."

Nikamwambia haikurukwa, ni ribosomu, ile inayosoma herufi tatu tatu ikitengeneza protini, hapo huwa inateleza nyuma herufi moja, si kila mara, ndiyo virusi ipate protini mbili, fupi na ndefu. Nikamfungulia usomaji mbichi wa mashine, herufi yake haiko popote, nikamwonyesha virusi jamaa zinazoteleza papo hapo, kabla tu ya ile jeni ndefu inayopima urefu wa mkia, akasema naamini virusi kuliko yeye, nikamwita kichwa maji mbele ya darasa, akanishtaki kwa mamake, na mamake akanipigia: "Nyara, binti yangu, kwani hiyo herufi mtakula?" Daktari Atuti, mwalimu wetu, anataka kazi Jumatatu. Nimwachie tu tuoane kwa amani?

Nyakerario, Roret

Nyakerario, pole, lakini punguza mdomo. Nilifundisha biolojia Londiani kabla ya kazi hii ya kusikiliza wachumba, na sijaona kichwa maji kikikubaliwa kama ushahidi. Kamwombe msamaha kwa hilo, na kwa hilo peke yake.

Kisha futa hiyo herufi. Leo. Andika protini mbili zinazoanzia mahali pamoja: moja inaishia njiani, nyingine inateleza na kuendelea. Onyesha herufi zinazojirudia pale utelezi unapotokea, na useme wazi kwamba ni makisio, maana protini yenyewe hujaiona maabara. Tuma kwa Daktari Atuti ikiwa na majina yenu wawili. Ooko akitaka lake litoke, aandike mwenyewe kueleza kwa nini.

Na harusi isimame kidogo. Mwanaume aliyeonyeshwa ukweli kwa macho yake na bado anang'ang'ana, leo ameongezea virusi herufi, kesho atakuongezea wewe maneno uliyosema.